Shati Moja Tu Duniani

14 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kupaza sauti darasani tangu shule zifunguliwe. Nyumba niliyopewa ina vyumba viwili na mlango mmoja usiofungika, naegemeza kiti. Mama hajambo? Najua barua hii unaisoma kwa sauti na yeye amekaa kwenye benchi lake nyuma ya cherehani ya pili, anachambua vifungo kwa vidole kwa kuwa macho yamemwacha. Mama, shikamoo. Vile vifungo vya mfupa usivichanganye na vya plastiki, Mjomba atalia.

Nimepewa Klabu ya Sheria na Haki. Wanafunzi ishirini na wawili. Mwaka jana ilikuwa klabu ya kusinzia. Sasa tunasoma hadithi za mahakamani, Jumamosi tunatazama sinema ukumbini kwa projekta ya kuazima, wanachora mabango, wanatunga maigizo. Mwezi wa sita kuna mashindano. Kila shule itaigiza kesi moja ya kweli iliyokwisha zamani, kwa kufuata faili lake. Jaji, mawakili, mashahidi, wote wanafunzi. Mwisho wanatoa hukumu yao, hata ikiwa kinyume na ile ya kweli.

Nimeomba faili la kesi ya Baba.

Nilikuwa na miaka tisa. Ninachojua ni kwamba ghala lilivunjwa, mlinzi akafa, Baba akapewa miaka thelathini na akafa katika mwaka wa nne kwa kifua, akikana mpaka mwisho. Ninyi wakubwa mlikuwa mkinyamaza kila nilipouliza. Najua pia kuwa wewe ulikuwa shahidi, kwa sababu siku ile ulivaa suti ya kijivu na uliporudi ulinipa pakiti nzima ya biskuti. Ulisema nini kule, Mjomba?

Tunahitaji pia joho la jaji. Mwenye nafasi hiyo ni mrefu kama mlingoti, nitakutumia vipimo.

Mpwa wako,
Bobini


2 Februari

Bobini wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi mzima kama kola iliyotiwa wanga. Mama yako naye yupo. Muuguzi wa zahanati anapita kila Ijumaa kumtia dawa ya macho, na kila Ijumaa Mama yako anamuuliza kama amenenepa, maana anasikia viatu vyake vinalalamika zaidi. Cherehani ya pili imekata mkanda. Jirani yetu muuza mikate ameleta suruali nimtanulie kiuno mara ya tatu tangu mvua zianze. Nimemwambia, ndugu yangu, kitambaa kina mwisho, wewe ndiye usiye nao.

Joho umelipata. Mimi nimewavika manahodha wa meli katika bandari tatu, nimemshonea waziri suruali aliyoapishiwa na zipu haikumwaibisha. Jaji wa kidato cha nne ndiye atakayenishinda? Nitatia bitana nyekundu. Jaji asiye na bitana ni mwimbaji wa kwaya tu.

Na hiyo sheria usidhani utanifundisha. Shule niliishia darasa la sita, lakini la saba nilimalizia kwenye jumba la sinema. Niliona picha ya jaji mmoja aliyemhukumu mtu kunyongwa, basi tangu siku hiyo kila akila tambi anaona kamba kwenye sahani. Akakonda, akajiuzulu, akawa muuza maua. Ukumbi mzima tulilia, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha bei kubwa. Wasimulie watoto hiyo, waambie ni ya mjomba wako aliyetembea.

Sasa hilo la faili la shemeji. Bobini, maji yakimwagika hayazoleki. Watafutie watoto kesi ya mwizi wa mbuzi, mbuzi naye awe mwanafunzi, watu wafurahi. Mimi kule nilisema nini? Niliulizwa, nikajibu, nikashuka. Suti bado ninayo, siku hizi inanikaba kwapani.

Mama yako nimemsomea barua yote, ila pale pa faili nilikohoa nikaruka. Presha yake unaijua.

Mjomba wako, kama ilivyoandikwa kwenye lebo,
Sindano ya Dhahabu


9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Wote huku hawajambo. Mlango umetengenezwa na fundi wa shule, sasa haufunguki. Mama nampa pole kwa mkanda wa cherehani uliokatika, najua ule mlio ndio unaompa usingizi wa mchana.

Joho limefika. Jaji wetu alipolivaa alikataa kulivua mpaka chakula cha jioni. Bitana imeleta ugomvi, mwendesha mashtaka naye anataka ya kwake. Barua yako niliwasomea klabu nzima. Ile picha ya tambi wameichora kwenye bango na kulitundika mlangoni. Wanakuita Mjomba Sinema.

Kuhusu faili, karani wa masjala aliniambia huko chini panya ndio mawakili. Tutaona.

Wakati tunangoja, naomba unisaidie kufundisha. Wiki hii tuko kwenye vielelezo, yaani vitu vinavyoletwa mahakamani ili viseme badala ya watu: kisu, kiatu, nguo. Wanafunzi hawaelewi kitu kimoja. Fundi anawezaje kusimama akaapa kwamba nguo fulani ni kazi ya mkono wake, wakati nguo ziko maelfu? Nimewaambia namjua mtu mmoja tu anayeweza kujibu. Andika kama unavyozungumza dukani, usifupishe. Nitaisoma mbele ya wote.

Bobini


20 Machi

Kwa Klabu nzima, na Mwalimu wao aliyejifunza kutembea kwa kushika meza yangu ya kukatia,

Salamu kwenu. Mimi na dada yangu hatujambo. Mkanda mpya umepatikana. Mtoto wa muuza mikate kapata jino. Haya, kaeni vizuri, aliye nyuma asogee.

Mjinga ataitazama nguo kwa nje. Nje ni uso, na uso unapakwa poda. Geuza ndani. Ndani ya nguo ndiko kwenye tabia ya fundi, huko hakuna wa kumdanganya.

Mimi kingo zangu nazikunja mara mbili, nashona, naziba, nashona tena. Ukipitisha kidole hukutani na uzi hata mmoja. Kazi hiyo ni ndefu, mafundi wa siku hizi hawaiwezi, wana haraka kama wanafukuzwa. Ile mashine ya kiwandani ya nyuzi tano, inayozungushia kingo nyuzi zikafanana na miguu ya tandu, haijawahi kugusa nguo yangu tangu niliposhika mkasi. Wala siimiliki, wala sijawahi kuiazima. Mkiona miguu ya tandu ndani ya nguo, mjue hiyo ni ya kiwanda. Imekatwa na wenzake elfu kwa kisu kimoja, haina baba wala mama.

Lebo mafundi wote wanaweka shingoni, ambako anayeisoma ni chawa peke yake. Mimi naiweka nje ya kafu, ile kola ya kifundoni, mkono wa kushoto, ili mwenye shati akinyoosha mkono kumpokea mtu mzigo, mtu asome Sindano ya Dhahabu kabla hajashukuru.

Kwa hiyo swali lenu ni dogo. Nileteeni kipande cha kwapa tu, kikiwa kimelowa, kimeungua, kimetafunwa na mbwa. Nitakigeuza mara moja na kuwaambia ni changu au si changu, na kiapo nitaapa, mkono mmoja juu na mwingine umeshika chai.

Na huyo wa bango la tambi apewe makofi.

Sindano ya Dhahabu


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako. Mama mwambie nimemsalimu na kwamba nimeandika habari za mitihani.

Faili lilifika tarehe ishirini na saba Februari. Lilikuwa mezani kwangu, chini ya mkono wangu, nilipokuomba lile somo.

Nakunakilia ukurasa wa arobaini na moja.

Mwendesha mashtaka: Unakitambua kielelezo namba mbili?
Shahidi: Ni mkono wa shati, mheshimiwa. Nimelishona mimi. Lebo yangu hiyo kwenye kafu.
Mwendesha mashtaka: Ulimshonea nani?
Shahidi: Shemeji yangu, yule pale.
Mwendesha mashtaka: Umeshona mangapi ya namna hii?
Shahidi: Moja tu duniani. Mimi sirudii. Mungu mwenyewe haumbi pua mbili zinazofanana, na yeye hana wateja wa kumsumbua.
(Watu wanacheka.)
Wakili wa utetezi: Sina swali.

Baba alisema shati lake liliibiwa kwenye kamba ya nguo wiki mbili kabla. Jaji aliandika kwamba hadithi hiyo ni rahisi mno, na kwamba shati ni moja, mwenye shati ni mmoja, na mkono wa shati hilo umekutwa kwenye nondo za dirisha la ghala. Hukumu nzima imesimama juu ya sentensi hiyo. Nimetafuta mguu mwingine, hakuna.

Sasa ukurasa wa kumi na mbili. Askari aliyeuokota mkono ule alikuwa mtu makini, aliandika kila kitu. "Mkono wa kushoto wa shati la kijani lenye mistari myeupe, umechanika begani. Lebo kwenye kafu. Ndani, kingo zote zimezungushiwa nyuzi tano za mashine, kutoka kwapa hadi kafu." Hakuna aliyeusoma ukurasa huo mahakamani.

Somo lako nililisoma klabuni siku lilipofika, ila pale pa lebo niliruka. Kuna msichana wa kidato cha tatu, mfupi, wenzake wanamwita Nukta. Yeye ndiye wakili wetu wa utetezi. Majina kwenye nakala zao nimeyafuta yote. Aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hawa wawili hawawezi wote kuwa wakweli. Ama fundi wa kwenye faili ni mwongo, ama mjomba wako ndiye mwongo."

Hawajui kuwa ni mtu mmoja. Nikamwambia achague.

Nani alilishona lile shati?

Mpwa wako


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii.

Muuguzi ameniandikia. Anasema duka linafunguliwa kila asubuhi, Mama hajambo, na wewe umemshonea sare mpya inayomkaa vizuri. Kwa hiyo mikono unayo.

Nukta ananiuliza kila siku kama shahidi amejibu. Nimemwambia shahidi anaumwa. Akaniuliza, "Anaumwa nini, Mwalimu, ulimi?"

Mpwa wako


24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilikuwa na homa. Si homa sana. Pia uzi mweupe uliadimika, na mtu hawezi kuandika barua huku hana uzi mweupe. Hukucheka. Mimi mwenyewe sikucheka.

Mama yako hajambo. Anauliza mitihani yenu itaisha lini, na mimi namjibu kila mara tarehe tofauti.

Barua hii nimeianza mara saba. Moja ilikuwa na sinema, mbili zilikuwa na nahodha. Nimezichana.

Sikulishona. Nilinunua robota la mitumba, na ndani yake nikakuta mashati kumi na mawili ya kijani, mapya kabisa, yana pini bado. Msimu ule kila mtu alitaka nguo, na mikono yangu ni hii miwili. Nikatoa lebo yao, nikatia yangu. Nikawa natundika moja moja. Likiuzwa, natoa jingine chini ya meza, na kila aliyenunua nilimwambia ni moja tu duniani. Kumi na moja yalichukuliwa siku za gulio na watu wa njiani. Sura zao sizikumbuki hata kwa fimbo. La kumi na mbili nikampa shemeji, zawadi, siku wewe ulipoingia darasa la tatu. Nikamwambia nimekesha nalo. Alinikumbatia mpaka akaangusha pasi. Alama ya pasi ile ipo sakafuni hadi leo, wewe ulikuwa ukiichezea.

Siku ya mahakama ukumbi ulijaa wateja wangu. Muuza mikate alikuwepo, mke wa daktari alikuwepo, mwalimu mkuu alikuwepo na koti langu mwilini. Mwendesha mashtaka akaniuliza mangapi. Jibu lilikuwa maneno matatu tu, kumi na mawili. Nikawaona wote wameinua vichwa. Miaka kumi na minane ya jina, Bobini. Mdomo ukaenda wenyewe kwenye mzaha wa dukani. Wakacheka. Na mimi nikasikia raha. Shemeji yangu amesimama pale kizimbani kashikilia ubao, na mimi nasikia raha. Nikadhani wakili wake atasimama aniulize, nami nitapata mahali pa kurudi. Hakusimama. Nikashuka, nikapita dukani kununua biskuti.

Baadaye nikawachukua ninyi wawili. Nimekubeba mgongoni siku ya tetekuwanga. Nimekaa kwenye mikutano ya wazazi nikiwadanganya walimu kwamba najua hesabu. Unalihesabu hulihesabu, shauri lako.

Nguo pekee niliyomshonea shemeji kwa mkono wangu ni suti aliyozikwa nayo. Kingo zile nilizikunja mara tatu.

Niadhibu unavyotaka. Mama yako usimwambie. Anaamini mumewe aliiba na akamsamehe, ndivyo alivyoweza kulala miaka yote hii. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mjomba


21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Shule imefungwa, mabweni ni matupu, nasikia hatua zangu mwenyewe.

Tumekuwa wa pili. Bitana yako nyekundu ilisifiwa na majaji wa mashindano.

Aliyeigiza fundi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, mnene, mchekeshaji. Alivaa tepu ya kupimia shingoni na penseli sikioni. Mstari wa pua mbili aliusema kwa kutikisa tumbo, na ukumbi wa watu mia sita ukaangua kicheko. Jaji mstaafu aliyekuwa mgeni rasmi alivua miwani akafuta machozi. Nilisimama pembeni ya jukwaa nikawatazama, nikaelewa ilikuwaje siku ile. Nilikuwa nakuchukia kwa uongo. Sasa nakuchukia kwa uongo na kwa kicheko.

Kisha Nukta akasimama. Alipaswa kusema "Sina swali", ndivyo faili linavyosema, na ndiyo kanuni ya mashindano. Alikunja karatasi yake. Akasema, "Naomba shahidi ageuze mkono wa shati ndani nje." Tulipoteza alama kwa hilo, ndiyo maana sisi si wa kwanza. Yule mchekeshaji akageuza. Sikuwa nimemfundisha la kufanya baada ya hapo. Alisimama na mkono wa shati umening'inia, akatazama huku na huku, na watu wakaendelea kucheka kidogo, kisha wakaacha. Akaanza kulia kweli. Amepewa zawadi ya mwigizaji bora.

Baraza lao la hukumu lilikaa dakika tisa. Hana hatia. Mgeni rasmi akawapongeza, halafu akasema hukumu ya watoto haimfungui mtu, na marehemu hafunguliwi na yeyote. Watu wakapiga makofi, tukapewa soda.

Nilifikiria kuipeleka barua yako ya Mei polisi. Nimeacha. Jela ina tarehe ya kutoka.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni bango alilochora Nukta: kamba ya nguo yenye mashati kumi na mawili ya kijani, na chini yake ameandika Kikulacho ki nguoni mwako. Utalitundika ukutani, juu ya benchi la Mama, mahali wateja wanapoona. Cha pili ni barua yako ya Mei. Nairudisha. Utamsomea Mama hii yangu, kisha hiyo yako, kila neno. Usikohoe.

Nakala ninayo, na nyingine anayo muuguzi ndani ya bahasha iliyofungwa. Nimemwomba, Ijumaa ya kwanza baada ya barua hii kukufikia, amuulize Mama kama amesomewa habari za shati. Akisema hapana, ataifungua na kumsomea yeye, na wewe utakuwa umekaa papo hapo unasikiliza.

Umesema Mama analala kwa sababu amemsamehe Baba. Amemsamehe nini?

Ulinilea. Hilo nimelihesabu. Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa.

Binti wa shemeji yako


15 Julai

Binti wa shemeji,

Marahaba. Mimi nipo. Mama yako yupo. Muuza mikate amehamisha nguo zake kwa fundi wa kule sokoni, suruali aliichukua ikiwa na kiuno nusu. Mvua hakuna.

Nilimsomea Alhamisi asubuhi, nilipofungua duka. Nilianza na yako, nikamalizia na yangu. Kusoma barua yako mwenyewe kwa sauti ni kama kuvua nguo gulioni huku unatangaza bei. Hakunikatiza. Alikuwa na kopo la vifungo mapajani na vidole vyake vikaendelea kuchambua, mfupa huku, plastiki kule, hata kimoja hakikukosea njia. Nilipofika mwisho nikangoja. Nilikuwa tayari kwa mkasi, nilikuwa tayari kwa mate. Akasema, "Soma tena."

Nikadhani hakusikia. Nikasoma tena. Akasema, "Pale walipocheka, usipakimbie."

Ijumaa muuguzi akaja na dawa ya macho. Kabla hajafungua mdomo Mama yako akamwambia, "Dawa baadaye, mwanangu. Kaa. Kaka yangu ana kitu cha kutusomea." Muuguzi akakaa, amevaa sare niliyomshonea. Nikasoma. Alipoondoka hakuniaga, na wiki iliyofuata alikuja amevaa sare yake ya zamani.

Tangu hapo ni kila siku. Duka likifunguliwa, mteja wa kwanza akiingia, Mama yako anaweka kopo chini na kusema, "Soma." Akiwa mke wa daktari, nasoma. Akiwa mtu asiyenijua hata kwa sumu, nasoma. Mmoja alidhani ni mchezo wa redio akakaa mpaka mwisho, akaniuliza utaendelea lini. Jumatatu nilijaribu kuruka neno raha. Mama yako akasema, "Umeruka," akanirudisha mwanzo.

Nilimwambia, dada, nikutafutie chumba kwingine, upumzike mbali na mimi. Akasema, "Nihame niende wapi? Hapa ndipo unaposomea."

Mchana anatoa lebo. Ananipokea nguo moja moja, anapapasa kafu, anapitisha wembe. Zote zilizotundikwa ameshazimaliza, sasa yuko kwenye kabati. Hajikati. Kuhusu shemeji hajaniambia neno lolote, wala simsikii akilia. Kitu kimoja tu, usiku halali. Nalisikia benchi lake.

Bango nimelitundika ulipoagiza. Jana aliuliza liko urefu gani. Nikamwambia juu ya kichwa chako, kidogo kulia. Akasimama, akanipa mkono, akasema, "Weka kidole changu kwenye lile la mume wangu."

Nikakiweka kwenye la kwanza.

"Una hakika ni hili?"

Nikamwambia, "Dada, yote yanafanana."

Kidole kikakaa pale. Halafu kikaenda kwenye la pili, kikaenda la tatu, polepole kama anahesabu mishono, mpaka mwisho wa kamba, na kikarudi tena mpaka mwanzo. Nilikuwa nimeushika mkono wake wakati wote, hakuniruhusu niuachie.

Zamani ningekuwa na mzaha wa kusema hapo. Nimeutafuta tangu jana.

Naishia hapa. Kengele ya mlango imelia, kuna mtu ameingia na koti mkononi, na Mama yako ameshaliweka kopo chini.

Mjomba